Kuminga na mzani wa mishahara: tangu Mutombo, mkataba ndio unasafiri kwanza

Tangu mwezi wa kumi 2025 wapenzi wa basketi wa Masisi na Walikale walikuwa wanabishana juu ya swali moja: Jonathan Kuminga abaki Golden State Warriors ao aondoke? Swali lilipamba moto kwa sababu tarehe ilikuwa inakaribia. Kuanzia tarehe 15 ya mwezi wa kwanza 2026 timu yake ilikuwa na ruhusa ya kumpeleka kwingine, na dirisha lilifungwa tarehe 5 mwezi wa pili. Penye watu wanachaji simu kwa pano ya jua, penye wamotari wanangoja wateja, mtu mwenye mega kidogo akifungua video ya mechi ya usiku, wengine wanamzunguka na mabishano yanaanza.

Wamoja walisema kocha Steve Kerr hamtaki. Mwezi wa kumi na mbili aliachwa kwenye benchi mechi kadhaa pasipo kuingia hata dakika moja, na kijana wa miaka 23 hawezi kukaa hivyo. Apelekwe popote, mradi acheze. Wengine walijibu kwamba mtoto wa Goma amepata kombe pale mwaka 2022, amecheza pamoja na Stephen Curry, na mtu haachi nyumba yenye Curry kwa hasira. Kisha walianza kupanga wenyewe: apelekwe Sacramento, apelekwe Phoenix, ao Golden State imtoe ipewe Giannis.

Ninawaelewa wote. Lakini wanazungumza kama wazee wanaosuluhisha ndoa: nani anampenda nani, nani amemkosea nani. Mshahara wanautaja kwa kushangaa tu. Na hapo ndipo mambo yanaamuliwa. Ukifuata njia za Wakongo waliotangulia katika NBA, kuanzia Dikembe Mutombo, utaona kwamba mara nyingi mkataba ulisafiri kwanza, mtu akaufuata nyuma.

Wengi wetu tumelelewa na mpira wa miguu, na hapa mpira wa miguu unatupoteza. Mwezi wa tisa 2025 Yoane Wissa wa Léopards alitoka Brentford akaenda Newcastle. Alikuwa ametangaza wazi kwamba anataka kuondoka, Newcastle ikalipa zaidi ya paundi milioni 50, mambo yakaisha. Feza upande huu, mchezaji upande ule. Katika NBA timu hainunui mchezaji namna hiyo. Inabadilisha mchezaji kwa mchezaji, na ligi inapima.

Watu wa Masisi watashika haraka kwa sababu wanajua ng'ombe. Fikiria soko ambalo feza haipokelewi. Ukitaka ng'ombe wa jirani, unatoa wa kwako, na mwenye soko anawaweka wote wawili kwenye mzani. Uzito usipokaribiana, anakataza. Na uzito huo hautokani na nguvu ya ng'ombe wala maziwa yake. Ni mshahara ulioandikwa kwenye mkataba. Mchezaji aliyechoka mwenye milioni 20 kwa mwaka ana uzito sawa na mchezaji hodari mwenye milioni 20.

Mzani huu umekuwa mkali kadiri miaka inavyopita. Kikomo cha mishahara kilipoanza msimu wa 1984-85, timu nzima ilipewa dolari milioni 3.6. Msimu wa 2025-26 kilikuwa milioni 154.6. Timu inaweza kukipita kikomo hicho kwa kuwabakiza wachezaji wake yenyewe, lakini juu yake kuna ngazi, na msimu ule wa 2025-26 zilikuwa hivi: kwenye milioni 187.9 inaanza kulipa kodi, kwenye milioni 195.9 kuna kizingiti cha kwanza, kwenye milioni 207.8 kizingiti cha pili. Anayepita cha kwanza haruhusiwi kupokea mishahara mingi kuliko ile anayotoa. Anayepita cha pili hawezi hata kuunganisha mishahara ya wachezaji wawili ili ilingane na mmoja mkubwa. Sheria hizo za vizingiti zilikazwa katika makubaliano ya mwaka 2023, na ndizo zilimbana Kuminga mwanzo wa 2026.

Turudi kwanza kwa Mutombo, kwa sababu kila kitu kinachomkuta kijana huyu kilimkuta mzee.

Mutombo alizaliwa Kinshasa mwaka 1966, akasoma Chuo Kikuu cha Georgetown, na mwaka 1991 Denver Nuggets wakamchagua wa 4 kati ya chipukizi wote. Picha yake ya mwaka 1994, amelala chini ameukumbatia mpira nyuma ya Denver kuwatoa Seattle, wengi wanaijua. Lakini tarehe inayotuhusu hapa ni mwaka 1996. Mkataba wake uliisha, akawa huru, Atlanta Hawks wakampa miaka 5 kwa karibu dolari milioni 55, na Denver wakabaki mikono mitupu. Hawakupata mchezaji wala nafasi ya kuchagua chipukizi.

Nyuma ya miaka mitano Atlanta wakajikuta penye Denver walikuwa. Mkataba unaisha, timu inashindwa, na mtu mrefu huyu ataondoka bure. Basi mwezi wa pili 2001 wakamtoa mbele ya wakati. Alienda Philadelphia pamoja na Roshown McLeod, na Atlanta wakapokea Theo Ratliff, Toni Kukoč, Nazr Mohammed na Pepe Sánchez. Watu waliuliza kwa nini wanne. Mshahara wa Mutombo ulikuwa mkubwa, na Ratliff peke yake hakuweza kuujaza mzani.

Mutombo akafika fainali mwaka uleule pamoja na Allen Iverson, wakashindwa na Lakers 4 kwa 1. Kisha Philadelphia wakampa mkataba wa miaka 4 wa zaidi ya milioni 60. Alikuwa na miaka 35. Hapo mkataba ukageuka kuwa mzigo ambao kila timu ilitaka kuusukumia nyingine. Mwaka 2002 akapelekwa New Jersey kwa Keith Van Horn na Todd MacCulloch. Mwaka 2003 New Jersey wakavunja mkataba kwa kumlipa, akaenda New York. Mwezi wa nane 2004 New York wakamtia ndani ya mabadilishano ya Jamal Crawford, akahesabiwa mtu wa Chicago, lakini hakuvaa jezi ya Chicago hata mchezo mmoja, kwa sababu mbele ya msimu kuanza alipelekwa Houston. Hesabu: kutoka mwezi wa pili 2001 mpaka mwezi wa tisa 2004, timu sita zimetajwa juu ya mtu mmoja.

Watu wa huku wanajua kuhama pasipo kuulizwa, lakini sitafananisha. Mutombo alihama akilipwa kila senti. Katika NBA mkataba wa kawaida una dhamana: timu ikikuchoka, ikikuuza, ukiumia goti, feza iliyoandikwa inakufuata. Ndiyo tofauti kubwa na mikataba mingi tunayoijua. Na ile feza ilionekana. Hospitali Biamba Marie Mutombo ya Kinshasa, yenye jina la mama yake, vitanda 300, ilianza kupokea wagonjwa mwaka 2007. Iligharimu karibu dolari milioni 29, na yeye mwenyewe alitoa zaidi ya 15. Mtu anayesema mkataba wa mwaka 2001 ulimgeuza mzigo asisahau upande huo. Mutombo alifariki tarehe 30 mwezi wa tisa 2024. Mwaka mmoja kamili nyuma yake, tarehe 30 mwezi wa tisa 2025, ndipo ilitoka habari kwamba Kuminga amekubali mkataba.

Katikati yao walipita wengine. Christian Eyenga wa Kinshasa, aliyechaguliwa na Cleveland mwaka 2009, alipelekwa Lakers mwezi wa tatu 2012. Miezi mitano tu, mwezi wa nane, Lakers wakamtupia ndani ya mabadilishano ya timu 4 na wachezaji 12, shabaha yake ikiwa Dwight Howard. Eyenga akaishia Orlando na hakudumu. Hakuna aliyekuwa anamtafuta. Alikuwa jiwe dogo la kusawazisha mzani. Emmanuel Mudiay, naye wa Kinshasa, alitolewa Denver mwezi wa pili 2018 akapelekwa New York. (Wasomaji wengine watauliza juu ya Serge Ibaka. Ni wa Brazzaville, ng'ambo ya mto. Tumwachie wenyewe.)

Bismack Biyombo anastahili maneno zaidi. Amezaliwa Lubumbashi mwaka 1992. Sacramento walimchagua wa 7 mwaka 2011, na usiku uleule akahamishiwa Charlotte. Kwa bahati tu, Mudiay naye alichaguliwa wa 7 mwaka 2015, na Kuminga wa 7 mwaka 2021. Mkongo na namba 7 wamezoeana. Mwaka 2016 Biyombo alikuwa Toronto, na katika mechi moja ya fainali ya kanda ya Mashariki dhidi ya Cleveland alidaka mipira 26 iliyokosa kikapu. Alichagua usiku mzuri wa kung'aa. Kiangazi kile kikomo cha mishahara kiliruka kutoka milioni 70 hadi 94 kwa mara moja, sababu ya mkataba mpya wa televisheni, na timu zilikuwa na feza zisizojua pa kuziweka. Orlando wakampa miaka 4 kwa milioni 72. Kiangazi kilekile Lakers wakampa Mrusi Timofey Mozgov miaka 4 kwa milioni 64.

Angalia kilichofuata. Lakers walijuta haraka. Mwaka 2017, ili mtu amkubali Mozgov, walilazimika kumtoa pamoja naye kijana wao wa thamani, D'Angelo Russell, wote wakaenda Brooklyn. Jina la Russell mlikumbuke, tutalirudia. Mwaka 2018 Brooklyn wakamsukuma Mozgov Charlotte, na siku hizohizo Charlotte wakambadilisha kwa Biyombo kutoka Orlando, katika mpango wa timu tatu. Wachezaji wawili wakubwa wa mwili, wote waliolipwa feza za mwaka 2016, wakabadilishana mahali kwa sababu mizani ilikubali. Mozgov hakuichezea Orlando hata mchezo mmoja. Ukisoma mabadilishano yale kama habari ya basketi hutaelewa kitu. Yasome kama madeni mawili yaliyobadilisha wenyewe.

Na Biyombo? Alilipwa yote. Msimu wa 2021-22, baba yake akiwa amefariki, alirudi uwanjani na Phoenix na mshahara wake wote wa msimu ule, karibu dolari milioni 1.3, akautoa ili ijengwe hospitali Congo kwa kumbukumbu ya baba. Siku hizo milioni 1.3 kwake ilikuwa mshahara mdogo. Ile 72 ya zamani ndiyo ilimwezesha kutoa.

Sasa Kuminga. Alizaliwa Goma tarehe 6 Oktoba 2002, akaenda Marekani mwaka 2016 akiwa bado mtoto wa shule, akapitia timu ya Ignite iliyoandaa vijana, na mwaka 2021 Golden State wakamchagua wa 7. Wachache wanajua nafasi ile ya 7 ilitoka wapi, na mimi naona ni sehemu muhimu kuliko zote.

Mwaka 2019 Kevin Durant aliamua kuondoka Golden State aende Brooklyn. Alikuwa huru, angeweza kuondoka bure, kama Mutombo alivyowaacha Denver. Timu ikaomba njia nyingine: Durant asainishwe kisha apelekwe, na Brooklyn warudishe mchezaji aliyesainishwa vilevile. Mchezaji huyo alikuwa D'Angelo Russell, yuleyule wa Mozgov, akiwa na mkataba mpya wa milioni 117 kwa miaka 4. Golden State hawakumhitaji sana uwanjani. Kazi yake ilifanana na ya Curry. Walihitaji mshahara wake. Timu iliyopita kikomo, ikipoteza mshahara mkubwa bure, haiwezi kuununua tena. Kwa hiyo Russell alikuwa mshahara uliofungwa zizini ukingoja soko.

Soko lilifika mwezi wa pili 2020. Russell akaenda Minnesota, na Golden State wakapokea Andrew Wiggins pamoja na nafasi ya kuchagua chipukizi. Nafasi ile, mwaka 2021, ikawa ya 7, ikawa Kuminga. Mwaka 2022 Wiggins na Kuminga wakachukua kombe pamoja, kijana wetu akiwa na miaka 19. Kisha mwezi wa pili 2025 Wiggins mwenyewe akatiwa mzani akaenda Miami, ili aje Jimmy Butler. Durant amezaa Russell, Russell amezaa Wiggins na Kuminga, Wiggins amezaa Butler. Ni ukoo wa ng'ombe kabisa.

Mwanzo wa 2025 ulikuwa mbaya kwake na kwetu. Mwanzoni mwa mwezi wa kwanza aliumia kifundo cha mguu, siku zilezile Masisi-centre ilipobadilisha mikono. Mwisho wa mwezi ikawa Goma, mji aliozaliwa. Aliporudi uwanjani mwezi wa tatu alimkuta Butler amekaa mahali pake. Kerr akamweka pembeni hata katika mechi za mtoano. Kisha Curry akaumia dhidi ya Minnesota, Kuminga akaitwa, akafunga pointi 30 katika mechi ya tatu. Timu ilishindwa mfululizo ule 4 kwa 1, lakini bei yake ilikuwa imepanda.

Kiangazi mkataba wake wa kwanza ukaisha, akawa huru nusu: timu nyingine inaweza kumpa ofa, lakini Golden State wana haki ya kuilipa wao na kumbakiza. Hakuna aliyekuja na ofa ya kweli, kwa kuwa karibu timu zote hazikuwa na nafasi chini ya kikomo. Golden State wakamwekea mezani ofa ya lazima ya mwaka mmoja, karibu milioni 8. Vyombo vya habari vya Marekani viliripoti kwamba Phoenix na Sacramento walimtaka kwa njia ileile ya Durant, asainishwe kisha apelekwe. Sacramento walikuwa tayari kumpa karibu milioni 63 kwa miaka 3 na kumtoa Malik Monk.

Kwa nini haikufanyika? Mashabiki wetu wanasema wivu wa Golden State. Mimi nasema mzani, na hapa naomba uvumilivu kidogo. Mshahara wa Kuminga msimu wa 2024-25 ulikuwa milioni 7.6. Ligi ina sheria ya kuzuia ujanja: timu iliyopita kikomo isimpe mchezaji wake mshahara mnono wa ghafla ili tu alingane na mchezaji mkubwa wa timu nyingine. Kwa hiyo, akisainishwa na kupelekwa palepale kwa nyongeza kubwa namna hiyo, anayemtoa anahesabiwa nusu tu ya mshahara mpya, ao mshahara wa zamani kama ndio mkubwa kuliko nusu hiyo. Anayempokea anahesabiwa wote.

Ni kusema ng'ombe mmoja anapimwa kwenye mizani miwili. Kuminga wa milioni 20 alikuwa na uzito wa 20 kwa Sacramento, lakini kwa Golden State alikuwa na 10. Monk peke yake alikuwa anapata zaidi ya 18. Zaidi ya hayo, kupokea mshahara mkubwa kuliko unaotoa kungewafunga Golden State chini ya kizingiti cha kwanza msimu mzima, na walikuwa na wachezaji wengine waliowangoja mlangoni, Al Horford akiwa wa kwanza. Na timu yoyote inayompokea mchezaji kwa njia hiyo nayo inafungwa chini ya kizingiti kilekile. Milango miwili, kila mmoja na kufuli lake. Ongeza kwamba Golden State walitaka nafasi ya chipukizi isiyo na masharti, na Sacramento waliweka masharti. Kiangazi kikaisha hivyo.

Mkataba alioukubali mwisho wa mwezi wa tisa 2025 ulikuwa wa miaka 2, ulioweza kufika milioni 48.5. Mwaka wa kwanza ulikuwa 22.5. Mwaka wa pili ulikuwa wa hiari ya timu, siyo yake. Na kwa sababu alipata nyongeza kubwa, sheria ilikataza kumpeleka kwingine mbele ya tarehe 15 mwezi wa kwanza. Ndiyo maana ya tarehe ile.

Mtu asiyeangalia mzani atafikiri timu isiyompanga haiwezi kumlipa 22.5. Angalia mishahara mingine ya timu msimu ule: Curry 59.6, Butler 54.1, Draymond Green 25.9. Hao watatu hawakuwa wa kuguswa kirahisi. Chini yao kulikuwa na Moses Moody, karibu 11.6, na Buddy Hield, 9.2. Wengine walikuwa wadogo. Kati ya kilele na bonde kulikuwa na mtu mmoja tu, Kuminga. Na ile sheria ya nusu ilikuwa imemtoka: akipelekwa kuanzia tarehe 15, angehesabiwa 22.5 pande zote mbili. Na anayempokea angeweza kumbakiza mwaka wa pili ao kumwachilia kiangazi. Haikuwa ajali. Mkataba ule uliandikwa ukiwa tayari kwa soko. Mwanzo wa 2026 Kuminga alikuwa amekaa penye Russell alikaa mwaka 2019.

Kwa hiyo ndugu mliokuwa mnampanga Kuminga kwa Giannis Antetokounmpo, hesabu yenu ilikuwa hii. Giannis alikuwa na 54.1. Kuminga, Moody na Hield pamoja walikuwa 43.3. Golden State walikuwa wamepita kizingiti cha kwanza, hawakuruhusiwa kupokea zaidi ya walichotoa. Mngehitaji kumwongeza Brandin Podziemski na wadogo wengine wengi, ao kumtoa Butler. Jadilini hilo.

Linabaki swali ambalo kwangu ni zito: Kuminga alifanya vizuri? Angeweza kuchukua ile ofa ya karibu milioni 8. Ingempa haki ya kukataa kupelekwa popote msimu ule, na mwezi wa saba 2026 angekuwa huru kabisa, kama Mutombo mwaka 1996. Wengi Walikale walitaka hivyo, wakisema mwanaume hauzi neno lake. Kwa mkataba wa 22.5 aliiacha haki ile, kufuatana na taarifa za wakati huo. Aliuza sauti yake kwa tofauti ya karibu milioni 14 na nusu.

Mimi ningeuza pia. Goti na kifundo havitoi taarifa mbele. Kuminga alikwisha kukosa zaidi ya mechi 30 msimu wa 2024-25 kwa kifundo kimoja. Mutombo wa 2001 na Biyombo wa 2016 walitia sahihi saa ile bei ilikuwa juu, wakasukumwa huku na huku, na feza ikawafuata kila mahali. Anayekataa milioni 22.5 zenye dhamana ili abaki na haki ya kusema hapana lazima awe na hakika kwamba mwakani watu watamwita. Na mtu asiyepangwa uwanjani hawezi kuwa na hakika hiyo. Hasara yake ilikuwepo na siifichi: uamuzi wa mwaka wa pili ulikuwa wa timu, siyo wake. 

Wengine wanagawa 22.5 kwa mechi 82, wanapata zaidi ya dolari 274,000 kwa mechi moja, hata anapokaa kwenye benchi, kisha wanauliza Goma imepata nini. Kodi ya Marekani inakula sehemu kubwa, mawakala wanakula yao. Na Mutombo alikuwa na zaidi ya miaka 40 hospitali yake ilipoanza kupokea wagonjwa. Kijana tumwache acheze kwanza.

Kwa wanaofuata: mechi za nyumbani za Golden State zinazoanza saa moja ya jioni kwao ni saa kumi na moja ya alfajiri kwetu. Tarehe 5 mwezi wa pili 2026 dirisha lilifungwa saa tisa ya mchana New York, ni kusema saa nne ya usiku huku. Saa hiyo pano hazitoi kitu. Mwenye betri na ajaze mapema, na akipata jina la timu, atafute kwanza ni mishahara ya nani imerudi upande wa pili.